Anahesabu mpaka ishirini ila hajui kuomba maji: kisa cha Dogo wa miezi 28

Majina nimetoa, mtaa nimetoa, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili familia isijulikane. Wazazi wamesoma, mama aliomba nifute sehemu moja na nimeifuta. Mimi ni mwalimu kwenye deikea ndogo, watoto 19, walimu wawili na msaidizi mmoja, sio daktari wala sio mtaalamu wa matamshi, kwa hiyo pale nilipokuwa nabahatisha nitasema nilikuwa nabahatisha. Mtoto nitamwita Dogo.

Nyumbani kwao

Dogo alikuja kwetu ana miaka miwili na miezi minne. Baba ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia na Kongo, akiondoka ni wiki mbili tatu, na foleni ya Tunduma ikimkamata ndo usihesabu kabisa. Mama ana duka la nguo, anatoka nyumbani saa 12 asubuhi, anarudi saa 2 usiku. Katikati hapo Dogo anabaki na dada wa kazi, binti wa miaka 19 katoka kijijini huko Singida, kwao wanaongea Kinyaturu na Kiswahili chake kina lafudhi. Hiyo lafudhi iweke kichwani, tutairudia.

Mama alikuwa na mpango wake na mi siwezi kuuita wa kijinga. Alitaka mtoto aende ingilishi midiamu, na alishasikia kwa wenzake kwamba kwenye usaili wa beibi klasi mtoto anaulizwa rangi na namba kwa Kiingereza. Akanunua simu ya pili ya bei rahisi, akawa anaiwekea bando la wiki, akamwambia dada mtoto aangalie katuni za Kiingereza, na wewe usimwongeleshe sana usije ukamharibu na hicho Kiswahili chako. Aliniambia hivyo hivyo bila kuficha. TV nayo inawashwa asubuhi inazimwa usiku, tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, mtu haziangalii kivile ila kelele ipo.

Basi Dogo akafika miaka miwili anahesabu mpaka ishirini, anataja rangi, anaimba herufi zote na lafudhi ya Kimarekani kabisa. Video zake zinarushwa kwenye grupu la familia, mashangazi wanatuma makofi, jiniasi huyo. Bibi mzaa baba alivyokuja Krismasi ndo akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Huyu mtoto mbona hajaniita?"

Alivyofika

Nilienda kumpokea getini nikiwa na simu mkononi, nimetoka kuongea na muuza maziwa. Nikachuchumaa nikamsalimia. Watoto wengi hapo wanakuangalia usoni au wanajificha kwenye gauni la mama. Dogo aliangalia mkono wangu. Akapitisha kidole kwenye kioo kutoka chini kwenda juu, simu haikufunguka, akajaribu tena, alafu akashika dole gumba langu akaliweka kwenye kioo. Usoni hakuniangalia ata mara moja. Dole langu lilikuwa ufunguo tu, mwenye dole hakuhusika.

Wiki ile nikawa na daftari. Kila neno alilotoa niliandika, na pembeni naandika alikuwa anamwambia nani. Hii ya pembeni ndo ilinifungua macho. Mpaka Ijumaa nilikuwa na maneno 34 aliyotoa mbele yetu, mtu anayehesabu maneno tu angesema mtoto kachelewa, basi. Ila maneno 29 yalikuwa namba, rangi, herufi na majina ya wanyama, yote Kiingereza, na pembeni nimeandika "ukuta", "kijiko", "hakuna mtu", "kijiko" tena. Ya kumwambia mtu yalikuwa matano, na ya kuomba kitu sifuri. Akitaka maji anakuvuta mpaka kwenye ndoo, ukichelewa kuelewa anajitupa chini. Ndege akipita juu wenzake wananyoosha kidole na kukuangalia kama umeiona na wewe, Dogo anaiangalia peke yake.

Mtoto wa miaka miwili kwa kawaida anaanza kuunganisha maneno mawili, "mama njoo", "baba kaenda", "uji bado". Yeye hakuwa na ata moja la hivyo.

Kosa langu

Nikamwita mama jioni ya Ijumaa hiyo hiyo. Nilikuwa nimejaa hasira kidogo kusema ukweli, na ilionekana. Nikamwambia mama Dogo, simu marufuku kuanzia leo, TV marufuku, mtoto atalia siku mbili atazoea. Akasema sawa mwalimu. Usoni hakuonyesha kitu.

Siku ya nne dada alipomleta akanisubiri watu waondoke akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, sasa mi nipike saa ngapi?"

Nilikaa na hilo swali siku nzima. Dogo kwetu anakaa saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Masaa mengine yote mpaka mama arudi yako juu ya huyu binti, na hapo anafua kwa mkono, anachota maji bomba likitoka, anapika kwenye jiko la mkaa ambalo mtoto wa miaka miwili hutaki alisogelee. Simu ile ndo ilikuwa dada wa pili wa nyumba ile. Mi nilimfukuza dada wa pili alafu kazi zote nikamwachia yule wa kwanza, na sikumuuliza chochote kwa sababu kichwani kwangu wa kuongea naye ni mama. Siku tatu mtoto kalia mpaka katapika, usiku halali, siku ya pili yake dada akampa simu jikoni kwa kificho, na mama naye usiku akampa kwa kificho, kila mmoja akimficha mwenzake. Yani nilichofanikiwa ni kuwafundisha kufichana.

Nikaenda kuomba msamaha, kwa wote wawili.

Masikio

Hapa sifa ni za msaidizi wetu, mama mtu mzima, kozi hajasoma ila kalea saba. Siku moja dada kaja kumchukua, mtoto analia, akampa simu watembee. Sauti iko mwisho kabisa. Dogo akaigeuza simu akaiweka shavuni, upande wa spika umegusa sikio, na picha hazioni tena. Msaidizi akaniambia, "Huyo haangalii, anasikiliza. Mbona anaibana hivyo?"

Tukaanza kumwita kutoka nyuma. Mara nyingine anageuka, mara nyingi hageuki, nilikuwa nadhani ni kiburi au kuzama kwenye mambo yake. Nikamuuliza mama historia, mafua kila mwezi, na akiwa na mwaka mmoja na nusu sikio liliwahi kutoa usaha wakapewa dawa likakauka, wakasahau.

Daktari wa masikio, pua na koo alimpima, akamwekea na kifaa kinachosukuma hewa kidogo sikioni kuona kama ngoma ya sikio inacheza. Masikio yote mawili yalikuwa na majimaji nyuma ya ngoma. Alituelezea vizuri sana, mtoto kama huyu sio kiziwi, anasikia kama mtu aliyezama kichwa kwenye beseni, mlio mkubwa unaingia ila maneno ya kawaida ya mtu aliye upande wa pili wa chumba yanafika yamefifia, na siku mafua yakipungua anasikia vizuri zaidi ndo maana mnachanganyikiwa. Hakumkimbiza kwenye upasuaji, akasema mara nyingi yanakauka yenyewe, mrudisheni baada ya miezi mitatu, na kwa sasa muongeeni naye karibu, uso kwa uso, na zimeni kelele za pembeni.

Kelele za pembeni. TV ya asubuhi mpaka usiku.

Kulikuwa pia na jirani kashamwambia mama kwamba mtoto ana usonji. Mama hakulala wiki mbili. Nilichokifanya hapo ni kutojibu, nikamwambia hilo swali sio langu wala sio la jirani, mpelekeni kwa daktari wa watoto. Daktari aliuliza maswali mengi, ananyoosha kidole kuonyesha, anaigiza kupika au kulisha mdoli, anaitikia jina, akasema wanamfuatilia kwanza masikio yakiwa yanatibiwa na mazingira yakiwa yanabadilika, hatoi jina la ugonjwa leo. Wazazi wengi jibu la namna hiyo linawaudhi, wanataka ndio au hapana. Mi naona lilikuwa jibu la mtu anayejua kazi yake.

Mpango wa pili

Safari hii tulikaa watu wanne, mimi, mama, dada, na baba kwenye simu ya video akiwa amepaki Mbeya. Mtu wa kwanza kuongea alikuwa dada. Nikamuuliza ni muda gani huwezi kabisa kukaa bila simu. Akasema jioni nikiwa na moto. Basi tukaanzia hapo, jioni wakati wa kupika simu inaruhusiwa, dakika 40, simu inawekwa juu ya stuli sio mikononi, katuni ziwe za Kiswahili, na dada akipita pale anauliza kitu, "huyo nani?", "kaenda wapi?". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema chini ya miaka miwili skrini haishauriwi, miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ni bora zaidi. Dakika 40 za jikoni zinaingia humo humo na moto unakuwa salama. Ukiniuliza kwa nini sikuanza na hilo tangu mwanzo, sina jibu zuri.

TV, mtu akitaka kuangalia anaangalia, ikiwa haina wa kuiangalia inazimwa.

Kula, kuoga na njia ya kuja shule, hapo hamna simu na hapo mtu anaongea. Mtoto anaogeshwa kila siku atake asitake, ni robo saa mko uso kwa uso, mguu, sikio, povu, maji ya baridi, funga macho. Hamna muda wa kutafuta.

Alafu nikasema lile lililokuwa gumu. Nikamwambia mama amruhusu dada aongee, na Kiswahili chake kile kile, na Kinyaturu kama anataka. Mama aliguna. Nikamuuliza wewe mwenyewe umekua na lugha ngapi nyumbani? Akacheka, tatu, Kichaga cha mama, Kipare cha baba na Kiswahili cha mtaani. Na umeharibika? Basi hapo tukaelewana.

Kwetu deikea tukabadilisha kitu kimoja kikubwa, kusubiri. Tulikuwa tunampa kila kitu kabla hajaomba kwa sababu watoto ni wengi na foleni ya uji ni ndefu. Tukaanza kumwekea uji kidogo, vijiko vitatu hivi, alafu mtu anakaa mbele yake na jagi, anamwangalia, anahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Akivuta mkono tunasema neno kwa niaba yake, "tena", tunamimina kidogo, tunasubiri tena. Kumi ni ndefu jamani. Jaribu mbele ya mtoto anayekaribia kulia utaona.

Na dada alileta lake ambalo hatukumwagiza. Akawa anamwambia "Hadithi, hadithi!" na anasubiri mpaka mtoto ajibu kitu, chochote, ndo aendelee. Wiki za kwanza anajijibu mwenyewe "hadithi njoo". Sisi wote tumelelewa na hiyo, paukwa pakawa, kitendawili tega, hadithi haianzi mpaka msikilizaji aitikie, na sijawahi kufikiria kwamba ni zoezi la kupokezana maneno mpaka nilipomuona huyu binti akilitumia kwa mtoto asiyejua kujibu.

Ilivyokuwa

Wiki ya tano ya mpango wa pili, Jumanne, kikombe cha plastiki cha kijani, uji wa ulezi. Msaidizi kakaa na jagi. Dogo kavuta mkono, msaidizi hajamimina. Kaangalia jagi, kaangalia uso wa msaidizi, kasema "tea". Msaidizi kamimina mpaka ikamwagika mezani, maana mkono ulikuwa unamtetemeka. "Tea" maana yake "tena". Ndo ilikuwa ombi lake la kwanza kwetu.

Baada ya hapo haikuwa mteremko kama watu wanavyopenda kusimulia. Wiki mbili hamna kipya. Alafu "aji" kwa maji, "toka", "dada", na "njoo" ambayo alikuwa anaisema kila mtu akimwambia "hadithi". Mwezi wa tatu masikio yakaangaliwa tena, la kulia limekauka, la kushoto bado kidogo. Mwezi wa nne nikasikia "dada njoo" na "uji tena". Baba naye alianza kumpigia video kila jioni akiwa barabarani, zamani alikuwa anaongea na mama tu na mtoto anapungiwa mkono, sasa anamwambia Dogo nionyeshe kiatu, na Dogo anakimbia kuleta kiatu. Ni skrini hiyo hiyo, ila kwenye hiyo kuna mtu anayesubiri kiatu.

Mwezi wa tano dada akaenda kwao likizo na hakurudi. Kapata kazi kwingine, ni haki yake. Ilikaa wiki tatu bila mtu, Dogo akawa anapelekwa dukani na mama, na dukani, unajua, mteja kaja, simu hii hapa mwanangu tulia. Kurudi nyuma kulionekana ndani ya siku kumi, maombi yakapungua, kuvuta mkono kukarudi.

Sasa hivi ana miaka mitatu kasoro mwezi. Anaunganisha maneno mawili matatu, anaita watu, anaomba, anakataa kwa nguvu zote. Bado yuko nyuma ya wenzake wa umri wake na bado yuko kwenye foleni ya kumuona mtaalamu wa matamshi, ambao ni wachache na foleni zao ndefu. Bibi ameshaitwa, kwenye simu, "bibi pipi".

Nikikichambua kisa

Nianze na nisichoweza kusema. Siwezi kusema simu ndo ilimchelewesha. Ndani ya miezi saba tulibadilisha skrini, masikio yakaanza kukauka, akaingia kwenye kundi la watoto 18 wanaogombania baiskeli moja, na yeye mwenyewe akakua, na kuna watoto wanaochelewa kuongea wanaofika wenyewe. Vyote vilienda pamoja. Mtu akikuletea kisa kama hiki akasema "tulizima simu mtoto akaongea", muulize walibadilisha nini kingine.

Ninachoweza kusema ni jinsi simu ilivyofanya kazi kwenye nyumba ile. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9, baadhi wakawa wanachezewa na kusomewa na Mchina ana kwa ana vipindi 12, wengine wakaonyeshwa Wachina hao hao kwenye video. Wa ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti za Kichina, wa video walitoka kama walivyoingia. Dogo aliokota maneno kwenye katuni, hilo ni kweli, 29 niliyasikia mwenyewe, ila katuni haisubiri. Unajibu usijibu inaendelea. Alijifunza maneno bila kujifunza kwamba neno linamfanya mtu ageuke.

Na kelele za TV nazo. Mwaka 2009 mtafiti Dimitri Christakis na wenzake waliwavisha watoto vinasa sauti, wakakuta kila saa moja ambayo TV inasikika mtoto anasikia maneno ya mtu mzima pungufu kama 770. Australia mwaka 2024 nao wakafanya hivyo kwa familia 220, kwenye umri wa miaka mitatu kila dakika moja zaidi ya skrini iliendana na maneno 6.6 pungufu ya watu wazima. Mi hizo namba nazisoma kama hasara ya muda, watu walikuwepo chumbani ila wamenyamaza. Kwa Dogo ilizidi, maana dada alikuwa amekatazwa kuongea. Na mtoto mwenye maji masikioni ndo wa mwisho kabisa kuwekewa TV nyuma ya maneno machache anayoambiwa.

Kiingereza hakikuwa na kosa. Watoto wa nchi hii wanakua na lugha mbili tatu na wanaongea vizuri tu. Shida ni kwamba nyumba nzima haikuwa na mtu wa kumjibu kwa Kiingereza, na aliyeweza kumjibu kwa Kiswahili kaambiwa anyamaze kwa sababu ya lafudhi. Hili la lafudhi linanikera kuliko la simu, na nimeliona kwenye nyumba nyingine tatu tangu hapo.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi kwa maoni yangu ni kusubiri, na kuruhusu zile dakika 40 za simu wakati wa kupika. Mama alikuwa hana cha kuficha tena kwa hiyo alichokuwa anaandika kwenye daftari la nyumbani kikawa cha kweli.

Kilichofeli, ukiacha lile marufuku langu, ni kumjengea kila kitu mtu mmoja. Dada wa kazi anaondoka, kila mtu anajua, na sisi tulipanga kama atakaa milele. Mama alikuwa anajua mpango ila alikuwa hajawahi kushika jagi. Pia nilichelewa wiki tano nzima kufikiria masikio, sasa hivi mtoto akija hasemi swali la kwanza ninalouliza ni mafua na usaha, la simu linafuata baadaye.

Dada mpya kaanza Jumatatu. Nimemwambia mama aje naye wote wawili wakae na sisi saa ya uji siku tatu, na mama ndo atashika jagi.